Mtu Mdogo Nyuma ya Mfalme

Ukimtafuta Mzee Sule pale Koboko, usihangaike na jina. Uliza yule fundi viatu anayeosha soli. Utaelekezwa mara moja, na anayekuelekeza atacheka kidogo, kwa sababu mji mzima ulishamfanya Sule kichekesho. Ulimpelekea kiatu kilichopasuka ubavuni, akakishona vizuri kwa uzi uliopakwa nta, halafu, badala ya kukurudishia ukaenda zako, akachota maji kwenye kopo, akatwaa mswaki uliochakaa na kuanza kusugua soli. Soli jamani! Kitu ambacho kitakanyaga vumbi ukipiga hatua moja tu kutoka pale. Wateja wenye haraka walimpigia kelele, wengine walimtukana kabisa, na yeye alisugua tu hadi maji yakatoka meupe.

Kando ya benchi lake, kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, kulikuwa na kigoda ambacho hakikukaliwa na mtu. Mteja aliyejisahau akataka kukaa aliambiwa, kwa adabu lakini bila mzaha, asimame au akae chini. Zam, binti yake wa mwisho, alikijaribu siku moja alipokuwa mdogo. Baba yake alimnyanyua kwa mkono mmoja, hakumpiga, hakumgombeza, akaenda naye hivyo hivyo hadi nyumbani. Mama yake akasema, "Wacha hiyo kiti. Hiyo ni ya mgeni." Mgeni gani, hakusema. Zam akaamua mwenyewe kwamba ni jini, na tangu hapo akawa anazunguka mbali akimpelekea baba chakula cha mchana.

Maisha ya Sule hayana makubwa ya kusimulia, na yeye mwenyewe ndivyo alivyopenda yaonekane. Alizaliwa kijijini, njia ya mpakani. Mjomba wake askari alimchukua jeshini kabla ndevu hazijaota. Walipomwona mwembamba, bunduki inamzidi nguvu, walimpa afande mmoja awe mtumishi wake: ampigie buti rangi, ampigie pasi, amchotee maji. Basi, hicho ndicho cheo chake chote. Serikali ya kijeshi ya wakati huo ilipoanguka alikimbia na wenzake wote kuvuka mpaka, na huko Congo ndiko alikojifunza kushona viatu badala ya kuving'arisha tu. Alirudi na mke, watoto, na sindano mbili nene.

Sasa, Koboko ina wazee wengi waliokuwa jeshini, na wengi wao ukiwapa chai ya tangawizi watakupigia chuku mpaka jua lizame. Kila mmoja alikuwa na gari, kila mmoja aliongoza vita. Sule peke yake ndiye hakuwa na vita. Walipomchokoza alisema maneno yale yale: "Mimi nilikuwa nabeba viatu." Wakacheka, akacheka nao, mambo yakaisha.

Maneno hayo Zam aliyachukua yakawa mali yake. Alipokwenda kusoma sekondari Arua, walikuwapo wasichana waliomwambia waziwazi kwamba watu wa kwao waliua baba za watu. Hakulia wala hakugombana. Alisema, "Wengine sijui. Wangu alibeba viatu." Akageuka akaendelea kufua nguo zake. Ni raha kubwa kuwa na baba ambaye hana la kujibu, na Zam aliifaidi raha hiyo miaka na miaka.

Alikuwa mwalimu wa historia alipokutana na Acidri, fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza friji ya nyumba ya jirani huko Oli, mtaa wa Arua. Friji ile iliharibika tena na tena mwezi ule kwa namna ambayo majirani walianza kuitilia shaka. Acidri ni Mkatoliki wa Adumi, Zam ni Mwislamu wa Koboko, na habari ya dini waliizungumza wenyewe kwa wenyewe, wakagombana, wakapatana, wakaimaliza. Likabaki jambo moja ambalo vijana hawawezi kulimaliza.

Huku kwetu, kabla hata ng'ombe mmoja wa mahari hajatajwa, mzee wa upande wa mume husimama na kuuliza: kati ya nyumba hii na nyumba ile, damu iko? Maana yake, je, kuna mtu wa kwenu aliyemwaga damu ya mtu wetu, au aliyesimama pale ilipomwagwa? Baba wa msichana ndiye anayejibu, kwa mdomo wake. Damu ikitajwa, ina dawa: kondoo atachinjwa, watu watakula pamoja, kazi itaendelea. Damu ikifichwa, inawafuata watoto watakaozaliwa. Hata wasomi wenye simu mbilimbili mfukoni hawathubutu kuliruka swali hilo.

Na nyumba ya Acidri ilikuwa na damu yake. Babu yake, Obitre, alikuwa askari. Alichukuliwa kwenye kambi moja huko kusini, hakuonekana tena, wala mwili haukurudi. Mkewe Filda hakuolewa na mwingine. Ni bibi mpole, mcheshi, lakini juu ya jambo hilo alishasema neno lake mbele ya ukoo mzima, na Acidri alimpa Zam neno hilo kama lilivyo: nyumba yoyote yenye damu itaoshwa kwa maji na kondoo, ila nyumba ya watu waliokuwepo siku ya Obitre, kondoo wa kuiosha hiyo hajazaliwa.

Zam hakuingiwa na hofu. Alikwenda Koboko akamweleza baba yake kuhusu Acidri, akamtajia Adumi, akamtajia Obitre. Sule akasema vizuri, mutoto yangu, vizuri. Wiki iliyofuata kiuno kikaanza kumuuma. Kiuno kilipopona, mvua. Mvua ilipokatika, akawa na msiba wa rafiki ambaye Zam hakuwahi hata kusikia akimsalimia. Watu wa Adumi wakaanza kuuliza kama mzee anawadharau. Acidri mwenyewe akanyamaza namna ambayo Zam hakuipenda, na moyo wake ukaanza kuchoka. Alijiambia kwamba ni dini tu, baba anaona haya kusema.

Shule zilipofungwa akafunga safari kwenda kumkabili. Njiani alipitia duka la picha Arua, kwa sababu muhula uliokuja angefundisha Misri ya kale, na alitaka kitu kikubwa cha kuning'iniza ukutani. Wakamchapia pande zote mbili za kibao cha Mfalme Narmer, kile cha jiwe la kijani-kijivu chenye umbo la ngao, kilichochongwa kabla ya piramidi yoyote kujengwa. Alasiri ile alizitandaza picha barazani juu ya mkeka zinyooke, akaweka kikombe kila pembe, akaketi kusubiri baba yake atoke msikitini.

Sule alikuja, akavua kandambili, akasimama juu ya picha.

"Hii ni nini?"

"Mfalme ya Misri, baba. Ya zamani sana."

Mzee akachuchumaa. Zam akafurahi, kwa kuwa hajawahi kumwona akijali kazi yake ya shule. Akamwonyesha mfalme mwenye kofia ndefu, mkono wa kulia umeinua rungu, wa kushoto umeshika nywele za adui aliyepiga magoti. Akamwonyesha kipanga juu, na wale wawili waliolala chini uchi. Akamweleza kwamba mfalme amechongwa mkubwa kuliko wote kwa sababu ukubwa ndio cheo. Alikuwa anaongea vizuri, kama yuko darasani. Ikamchukua muda kugundua kwamba baba yake haangalii anapoonyeshwa. Kidole chake kilikuwa nyuma ya mfalme, kwenye pembe, alikochongwa mtu mdogo sana.

"Huyu."

"Huyo ni mutumishi yake. Anabeba viatu."

Akasikia alichokisema baada ya kukisema. Akacheka. "Kama wewe, baba!"

Sule hakucheka. "Na mukubwa iko miguu tupu."

"Ndiyo. Wataalamu wanasema pengine pale mahali ilikuwa takatifu. Kama musikiti. Ndiyo alitoa viatu."

"Pengine," mzee alisema. "Wao walisoma. Ya zamani mimi sijui." Kidole kikagusa viatu. "Lakini afande yangu alikuwa natoa kwa sababu ya damu. Ngozi ikikunywa damu, haitoki. Mguu unaosha tu."

Jua lilikuwa bado kali, kuku walikuwa wanaparua uani, redio ya jirani inaimba. Sule alikuwa anaendelea kuongea kwa Kiswahili, na Zam alijua kwamba baba yake ana Kikakwa cha nyumbani na sala, na Kiswahili ni cha kule jeshini. Kidole kilikuwa kimehama kwenye viatu, kimekwenda kwenye mkono wa pili wa yule mtu mdogo.

"Hii ni birika."

"Ni chungu ya maji, baba."

"Ya kuosha miguu." Halafu kidole kikavuka mwili wote wa mfalme mpaka kwa yule aliyepiga magoti. "Na huyu anaona maji. Kitabu yako inasema hivyo?"

"Hapana. Kitabu haisemi."

"Anaona. Aliomba. Alisema, kijana, nipe maji. Hakusema na afande, alisema na mimi. Birika ilikuwa imejaa. Mimi nikasema, haya maji ni ya miguu ya afande."

Zam hakuthubutu kusogea. Alitaka kumziba mdomo, na alitaka aendelee, vyote kwa pamoja.

"Wewe uliniambia jina yake mwaka jana, Obitre," Sule alisema. "Mimi sikuwa nimesahau."

Basi Zam akajua kiuno kiliumwa na nini. Akajua kigoda ni cha nani, cha yule aliyenyimwa maji, na akajua kwa nini wateja walisimamishwa juani wakingoja soli zioshwe. Baba yake alikuwa bado ameinama juu ya picha, akiulizia lile ua dogo lililochongwa karibu na kichwa cha mbeba viatu. Zam akajibu kwa mazoea tu kwamba ni alama, watu wanabishana, ila inaonyesha alikuwa mtu wa karibu wa mfalme, mtu wa heshima.

"Wakamwekea ua," Sule alisema. Akakaa chini kabisa, mgongo ukutani. "Mutoto yangu, mimi naweza kusema damu hakuna. Afande alikufa, wale wote walikufa. Hakuna mutu anajua. Naweza pia kusema iko. Wewe sema. Vile unasema, mimi nitafanya."

Hapa mtu angependa kusimulia kwamba Zam alilia, akamkumbatia baba yake na kuchagua kweli. Hakulia. Alimfikiria Acidri, mikono yake yenye harufu ya gesi ya friji, na jinsi anavyomcheka anapokosea kusalimia kwa Kilugbara. Akamfikiria kondoo ambaye hajazaliwa.

"Sema damu hakuna," alisema.

"Ndiyo," Sule akajibu haraka. Alikuwa ameketi chini, lakini nyayo zake zilijikusanya visigino vikagusana, kama askari aliyepewa amri.

Muhula ukafunguliwa. Zam alining'iniza picha darasani, na siku ya kwanza tu msichana wa mbele akauliza mwalimu, huyu mdogo nyuma ni nani. Akajibu. Wakauliza mbona anaangalia tu. Akasema ndiyo kazi yake. Usiku alilala vizuri, sitaki kudanganya. Mchana ndio ulimsumbua. Akiandika ubaoni alihisi mtu amesimama nyuma yake na mikono yote miwili imejaa. Akaishusha picha, akaweka ile ya upande wa pili wa kibao, ule wa maandamano. Alikuwa amesahau nini kiko upande ule: maiti waliofungwa mikono, wamepangwa safu mbili, kila mmoja kichwa chake kimewekwa katikati ya miguu, na mfalme anakuja kuwatazama, miguu mitupu. Nyuma yake, mtu yule yule, na viatu vile vile. Alipomaliza kipindi aliitoa picha ukutani akaikunja, na wanafunzi walipouliza akasema imepasuka.

Siku ya Adumi, Sule alivaa kanzu nyeupe. Kiuno hakikuuma, mvua haikunyesha. Watu wa Acidri waliwapokea kwa shangwe ya watu waliosubiri sana. Walikalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakaletewa enyasa, ugali wa kwao, ya moto na mboga ya karanga, wazee wakataniana juu ya nani atamfundisha nani kula. Filda alikuwa mbele, ameketi kwenye mkeka, mdogo, shingo wima. Kisha Mzee Santo, kaka wa marehemu Obitre, akasimama. Akasema kwa Kilugbara, akarudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie kwa masikio yake.

"Kati ya nyumba hii na nyumba yako, damu iko?"

Sule akasimama. Akageuza kichwa kidogo sana kuelekea alipoketi Zam na shangazi zake.

"Damu hakuna," alisema.

Vigelegele vikapaa. Acidri akainamisha uso kuficha meno. Mtu akapiga ngoma kabla hajaambiwa apige. Zam aliwaona wote hao wakifurahi, na aliyaona macho ya Filda ambayo hayakuwa yakimtazama Sule. Yalikuwa yakimtazama yeye.

Hazikupita dakika nyingi akaitwa ndani. Alijua kwamba bibi humwita mke mtarajiwa ampe neno la baraka, na shangazi zake walimsukuma wakicheka. Nyumba ya Filda ilikuwa safi, haina picha hata moja ukutani. Bibi alifunga mlango wa mbao, akamshika Zam mkono akamketisha karibu. Alikuwa mke wa askari. Kiswahili cha kambi hakikuwahi kumtoka.

"Mutoto yangu," alisema, "mimi nilikaa na askari. Nilipika yao, nilifua yao. Najua askari akiulizwa. Kama maneno ni yake, anajibu. Kama si yake, anatafuta mukubwa kwanza." Akaubana mkono wa Zam kidogo. "Baba yako aliulizwa. Akaangalia wewe."

Zam akatazama mlango uliofungwa.

"Mimi sina hasira," Filda alisema. "Hasira ilikuwa zamani. Sasa naogopa tu nitakufa bila kujua. Nauliza wewe, kwa sababu naona ni wewe unaamuru. Damu iko?"

Nje walikuwa wanaimba jina lake na la Acidri kwa pamoja. Zam alisikia kila neno. Alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile alilompa baba yake, na lilikuwa jepesi kusema. Ila alijiona, alijiona waziwazi kama alivyowaona wale wa kwenye picha ya darasani: yeye ndiye mkubwa wa pale barazani, ndiye aliyeinua mkono, na baba yake amesimama nyuma na vitu vyake.

"Iko, mama," alisema.

Filda hakupiga ukelele. Aliuachia mkono wa Zam, taratibu, akaukunja wake juu ya goti.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo. Hakumpiga. Alikuwepo."

"Basi mwite. Na wewe ukae nje. Haya ni ya sisi wawili."

Zam alitoka. Mwanga wa mchana ulimchoma macho. Sule alimwona kutoka mbali, akasimama papo hapo, kikombe cha chai bado mkononi, akimngojea aseme.

"Baba," Zam alisema kwa sauti ya chini, "Mama Filda anajua. Anakuita. Lakini mimi sikutumi. Ukitaka kuingia, ingia. Ukitaka kwenda nyumbani, tunakwenda."

Mzee alimtazama, akangoja zaidi. Alimtazama mdomo, kama vile bado kuna neno litakuja. Zam akaufunga. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kumfanyia, kumwacha vile katikati ya uwanja wa watu, na kanzu yake nyeupe, bila amri. Watu wa karibu wakaanza kugeuka. Kisha Sule akakiweka kikombe juu ya kiti, akanyoosha kanzu, akaanza kwenda kuelekea mlango ule wa mbao, polepole, kwa mwendo ambao Zam hakuwahi kuuona, mwendo wa mtu asiyemfuata mtu. Mlango ukafunguka kabla hajabisha, akaingia, ukafungwa.

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Acidri akaja mbio, jasho la kucheza likimtiririka, uso umejaa furaha na umeanza kuuliza.

"Wazee wamemaliza?"

"Bado," Zam alisema, akamshika mkono, maana hakujua kama angeushika tena. "Ndiyo wameanza."